Fundi na Kuta Zake Kumi na Mbili

Fundi alikuwa na tabia ya kugonga ukuta kabla hajasalimia watu. Akiingia sebuleni kwako, kofia ingali kichwani, alikunja kidole, akapiga plasta mara mbili tatu, akaegemeza sikio, ndipo akageuka na kusema, "Hamjambo hapa?" Kwa muda mrefu mke wangu aliamini kwamba salamu ile ilikuwa ya ukuta, na sidhani alikosea sana.

Nilimjua karibu miaka minane, katika ile miaka ya elfu mbili ambapo kila mtu Nairobi alikuwa anajifunza kutumia simu ya mkononi, na sikuwahi kumwita kwa jina. Jina alikuwa nalo. Kwenye simu yangu nilimwandika "Fundi Stima", kumtofautisha na "Fundi Maji", ambaye kazi zake zote zilivuja. Yeye naye aliniita Prof. Nilimweleza mara tatu kwamba mimi si profesa, kwamba nilifundisha chuoni muda mfupi tu kisha nikageukia kuandika makala ambazo watu hufungia nyama. Alisikiliza kwa adabu hadi mwisho, akasema, "Sawa, Prof."

Kilichotukutanisha ni cheti changu cha shahada. Kilikuwa kimelala ndani ya bahasha chini ya kitanda miaka kumi na minne, hadi wakwe zangu walipotangaza kwamba watatutembelea. Ghafla nikaona umuhimu wake. Nilikipeleka River Road kikatiwa fremu yenye rangi ya dhahabu, nikaazima drili kwa jirani, nikachagua mahali pa heshima, katikati kabisa ya ukuta wa sebule.

"Si umwite mtu?" mke wangu aliuliza.

"Ni tundu tu la msumari."

Drili iliingia vizuri kwa kina cha nusu kidole. Kisha ikalia vibaya, ikatoka cheche ya buluu na harufu ya plastiki iliyoungua, na nyumba nzima ikanyamaza: redio, friji, hata drili yenyewe. Nilikuwa nimevaa ndara za mpira. Fundi alisisitiza baadaye kwamba katika nyumba ile, waliosoma ni ndara.

Alikuja kesho yake asubuhi, kwa miguu kutoka kituo cha matatu cha Adams Arcade, begi la turubai begani. Aligonga ukuta. Alilitazama shimo, akanitazama mimi, akakitazama cheti kilichoegemezwa kwenye kochi.

"Hii ndiyo ulikuwa unaweka?"

"Ndiyo."

"Ni ya kusomea nini?"

"Fasihi."

"Aa." Akafikiri kidogo. "Basi si makosa yako."

Akazima stima, akapima na testa mara mbili kuhakikisha waya umekufa, akaanza kuchonga plasta kwa patasi ndogo. Mimi nilisimama nyuma yake nikijieleza. Nilisema sikujua kwamba waya ungepita hapo, na kwamba ningejua ningechagua pengine. Aliniambia nisijisumbue. Mtu yeyote mwenye akili hutarajia waya upande wima kutoka kwa soketi au ushuke wima kutoka kwa swichi. Huu wangu ulikuwa umekata ukuta mshazari, kama mtu anayepita katikati ya shamba la wenyewe ili afike dukani haraka. Nilimuuliza ni mjinga gani alifanya kazi hiyo. Alikuwa ameacha kuchonga.

Shubiri moja kutoka kwenye shimo langu, ndani ya plasta, kulikuwa na uvimbe uliofungwa tepu nyeusi. Mahali pale mtu alikuwa ameunganisha vipande viwili vya waya, akavifunga, akavifukia, akapaka rangi juu. Fundi aliugusa uvimbe ule kwa ncha ya kidole. Tepu ilikuwa imekauka na kukatika kama ganda la kitunguu.

"Prof," alisema hatimaye, "shimo ni lako. Lakini hii nyingine ni yangu."

Niliposhindwa kuelewa, alinionyesha. Watu wengi huzungusha tepu kuelekea kulia. Hii ilikuwa imezungushwa kuelekea kushoto. Fundi alikuwa mtu wa mkono wa kushoto.

Nyumba zetu ziko kumi na mbili, zimepangwa kuzunguka uwanja mdogo wa changarawe. Zilipojengwa, Fundi alikuwa kijana anayemfanyia kazi kontrakta mmoja aliyependa kumaliza mapema. Kontrakta aliwaagiza wapitishe nyaya mshazari ili zifike kwa njia fupi, na wasitupe vipande vilivyobaki. Viunganishwe, vifungwe tepu, vipigwe plasta. "Nani ataona?" ndilo lilikuwa neno lake. Basi Fundi akaunganisha na kufukia, nyumba baada ya nyumba, kisha akaondoka na maisha yakaendelea.

Miaka mingi baadaye akaitwa nyumba namba nne. Mama mmoja pale alikuwa amegundua kwamba ukuta wa chumba cha mtoto una joto, kama mtu mwenye homa, na rangi imeanza kugeuka kahawia nyuma ya kitanda. Hakuna aliyeumia. Lakini Fundi alipobandua plasta alikutana na tepu iliyozungushwa kushoto. Tangu siku hiyo alikuwa na nia moja: kufungua kuta zote kumi na mbili kabla hazijafunguliwa na moto. Yangu ilikuwa ya nane.

"Nne zimebaki," alisema akipuliza vumbi kwenye patasi. "Sitaki moja iniite na moshi."

Alikata ile sehemu mbovu yote, yake na yangu, akaweka kisanduku ukutani, akaunganisha nyaya ndani yake kwa skrubu, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, kijani kwa kijani. Ndani ya kifuniko aliandika kwa penseli tarehe na neno moja: "Mimi." Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake. Kiungio kikikaa mahali pa kufunguliwa, kinakubalika. Kiungio kilichofukiwa alikiita "maiti", hata mbele ya wageni.

Nilimuuliza kama sasa ningeweza kutundika cheti juu ya kile kifuniko cheupe, kikifiche. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama inafaa kuegesha gari juu ya kaburi. Hivyo basi kifuniko kiko katikati ya ukuta wa sebule yangu hadi leo, mahali pa heshima, na cheti kiko kwenye korido mkabala na choo. Nakiri kwamba husomwa na watu wengi zaidi pale.

Alipenda kusema, "Zima kwanza, tuongee baadaye." Aliwaambia wateja, aliwaambia makanga waliokuwa wakigombana kituoni, na asubuhi ile ya shimo alituambia mimi na mke wangu, tulipokuwa tukijadili nani alishauri nini kuhusu kumwita mtu. "Zimeni kwanza," alisema bila kugeuka, na jambo la ajabu ni kwamba tulizima.

Kuzima kwake hakukuwa kubonyeza swichi tu. Aliing'oa fyuzi kubwa kutoka kwenye sanduku lake mlangoni, akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo. Nilidhani ni madoido hadi aliponisimulia kisa cha ofisi moja katikati ya mji. Alikuwa juu ya ngazi, mikono ndani ya dari, karani mmoja akaona birika haichemki, akaenda akawasha.

"Alitaka chai," Fundi alisema. "Karibu anipike mimi."

Tangu hapo stima ya kila nyumba aliyofanyia kazi ilitembea naye mfukoni. Simu yake pia aliizima, kwa sababu ilikuwa na mlio wa jogoo na jogoo akiwika mtu akiwa juu ya ngazi si jambo zuri.

Sasa, Jumamosi ya kuamkia siku ya wakwe, alikuja kumalizia plasta kuzunguka kisanduku. Alipomaliza alituagiza tusirudishe fyuzi hadi saa saba, plasta ikauke. Tukaagana vizuri. Saa saba nikaenda mlangoni kwa madaha ya mtu anayejua anachofanya, nikafungua sanduku, na pale ambapo fyuzi ingekuwa nikaona pengo. Friji ilikuwa na mbuzi nusu. Nilipiga simu ya Fundi. Ilikuwa imezimwa.

Nilijua tu kwamba anaishi Dagoretti, karibu na soko, upande wa machinjioni. Niliuliza muuza mahindi, akanielekeza kwa kinyozi, kinyozi akanielekeza kwenye ploti moja yenye vyumba vingi vya mabati. Fundi alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, anasoma gazeti la juzi. Nyuma yake, kwenye msumari, ilining'inia taa ya mafuta.

"Prof! Nini imekuleta huku?"

Niliutazama mfuko wake wa shati. Alifuata macho yangu, akagusa kifungo.

"Hii si yangu," alikubali.

Ndipo nikauliza kuhusu taa ya mafuta, maana ploti ilikuwa na stima. Niliziona nyaya zikipita juu ya kamba za kuanikia nguo, nyingine zikiwa zimefungwa kwenye kamba zenyewe.

"Hiyo?" alisema. "Vyumba kumi na sita, waya mwembamba kama kamba ya kiatu. Nilikataa. Wale hawajui wanalalia nini. Mimi nimesomea hiyo kitu, nitapataje usingizi?"

Mkewe, mama mnene mwenye kicheko cha chini, alitokea na chai. "Mwambie, Prof," alisema. "Ploti nzima inaangalia televisheni. Mimi naangaliana na fundi wa stima."

Nilikunywa chai, nikapewa fyuzi ikiwa imefungwa kwenye karatasi ya gazeti kama ndizi, nikarudi. Mbuzi alipona. Baba mkwe alipofika Jumapili hakuuliza lolote kuhusu elimu yangu. Aliuliza kile kidude cheupe ukutani ni nini, nikamweleza kwa kirefu, na akasema ni jambo la kutia moyo kuona kwamba najua kitu.

Kwenda naye dukani kulihitaji moyo. Mara moja alinichukua River Road kununua waya wa jikoni, akanipitisha maduka matano. Waya aliunusa, akaukwaruza kwa ukucha kutafuta shaba ya kweli, akaupinda na kuunyosha, akaupima kwa kiganja akiwa amefumba macho.

"Mzee," mwenye duka la tatu alimuuliza, "unanunua ama unaposa?"

"Naposa," Fundi alisema. "Na huyu msichana wako si mgonjwa kweli?"

Wateja wote walicheka, mwenye duka zaidi ya wote, kisha akatoa roli nyingine kutoka chini ya kaunta, ile aliyowawekea watu wagumu.

Sitaki mtu adhani alikuwa mtakatifu. Alikuwa na hasira za karibu. Ukimwita fundi wa vitu vyote, yaani ukimwomba akitazama swichi atazame na bomba, alifunga begi na kuondoka. Ngurumo ikisikika, hata ya mbali huko Ngong, aliteremka ngazini na kukaa varandani na mikono mapajani hadi mbingu itulie, na hungeweza kumshawishi. Na mtu huyu aliyetangaza makosa yake kwa kila lango hakuvumilia kusahihishwa na mtu mwingine. Nilipomwambia siku moja kwamba anasoma gazeti la zamani, alisema habari mbaya ni afadhali ukizipata zimepoa.

Kuhusu hayo malango. Ningependa kueleza ugumu wake kwa mtu asiyekaa Nairobi. Mwanamume usiyemjua anakuja langoni kwako mchana, amebeba begi. Anakuambia kwamba zamani aliiharibu nyumba yako kwa siri, na sasa anaomba aingie ndani avunje ukuta, aitengeneze bure. Hakuna mtu katika mji huu, awe mcha Mungu kiasi gani, atakayemfungulia. Ukweli wake ulikuwa umefanana mno na utapeli.

"Leo tunauziwa nini?" ndilo swali alilopokelewa nalo na bawabu wa namba tisa.

Mwenye nyumba namba kumi alimsikiliza hadi mwisho. "Yaani uliharibu mara ya kwanza, ukalipwa," alisema. "Sasa unataka kuharibu tena? Wewe ni wa kanisa gani?"

Na wa namba kumi na moja, mtumishi wa serikali, alimwambia alete barua ya chifu inayothibitisha kwamba aliwahi kufanya kazi mbaya.

Hapo nikawa na faida. Mimi, au tuseme ukuta wangu, nikawa ushahidi. Fundi aliwaleta sebuleni kwangu mmoja mmoja, akafungua kifuniko kwa bisibisi, akawaonyesha viungio vipya. Kisha akatoa begini ule uvimbe wa zamani wenye tepu iliyokauka, aliokuwa ameuhifadhi ndani ya chupa ya jemu. Mke wangu aliwapa chai. Namba tisa akakubali mwaka huo. Namba kumi akakubali baada ya kunusa harufu fulani nyuma ya kabati. Mtumishi wa serikali alishikilia barua ya chifu kwa miezi mingi, kisha soketi yake ikaanza kulia kama nzi ndani ya kopo, akaja yeye mwenyewe kumtafuta Fundi kwangu akiwa na soksi tu miguuni. Kuta zote tatu zilikuwa na maiti ndani. Tepu zote zilizungushwa kushoto.

Ikabaki namba kumi na mbili.

Namba kumi na mbili aliishi Mwalimu, mwanamke aliyestaafu baada ya kuongoza shule ya msingi kwa muda mrefu kiasi kwamba uwanja wetu wote wa changarawe ulitembea kwa mstari ulionyooka alipokuwa nje. Alimkataa Fundi kwa sentensi moja: nyumba yake haikuwa na shida. Alimkataa mwaka uliofuata kwa sentensi ile ile. Hakuja kuona kisanduku changu, kwa sababu hakuwa na tabia ya kwenda kwa watu kutazama kuta.

"Prof," Fundi aliniambia, "wewe umesoma. Andika barua."

Niliandika. Nitasema tu kwamba nilijitahidi. Ilikuwa na kurasa mbili, ilianza kwa kurejelea utu na ujirani mwema, ikapitia dhima ya fundi katika jamii, na mahali fulani katika aya ya tano ikautaja waya. Bawabu wake aliirudisha jioni. Mwalimu alikuwa ameisahihisha kwa kalamu nyekundu. Pembeni mwa aya ya kwanza aliandika, "Hoja iko wapi?" Pembeni mwa ya tatu, "Umeshasema." Chini kabisa, ndani ya mduara, nne kwa kumi.

Nilimsomea Fundi. Alisikitika kwa ajili yangu kuliko kwa ajili ya ukuta. "Nne si mbaya," alisema. "Mimi nilikuwa napata mbili."

Baada ya hapo sikumwona karibu mwaka mzima. Kazi yangu ilinipeleka huku na kule, na nyumba yetu, kwa bahati nzuri iliyotokana na mimi kukatazwa kushika drili, haikuharibika. Kisha asubuhi moja nikamkuta River Road, duka lile lile la mchumba mgonjwa. Alikuwa ameshika waya karibu kabisa na pua. Nilidhani ananusa.

"Ni nani huyo?" aliuliza nilipomsalimu. Nilikuwa mbele yake, umbali wa mkono.

Macho yake yalikuwa yamepata ukungu. Alilieleza jambo hilo kama mtu anayeeleza hitilafu ya taa: jicho la kulia linafifia, la kushoto linapepesa. Kazi alikuwa ameacha, isipokuwa kuwanunulia mafundi wengine waya, kwa sababu vidole havikuwa na shida. Daktari alikuwa amemwahidi upasuaji, siku bado haijulikani. Aliniuliza habari za mke wangu, habari za kisanduku, kisha akauliza kilichokuwa moyoni.

"Yule Mwalimu. Ukuta wake uko aje?"

Nilisema haujanuka moshi.

"Bado," alisema.

Akaomba kalamu. Kwenye kaunta ile, akararua kipande cha katoni ya waya, akainama hadi pua ikakaribia kugusa, akaandika kwa mkono wake wa kushoto, herufi kubwa kama za mtoto. Nilikipeleka kile kipande cha katoni mimi mwenyewe, na nilikisoma njiani, kwa sababu mimi ni mtu wa namna hiyo. Kilisema:

"Mwalimu. Ni mimi niliweka waya kwa nyumba yako nikiwa kijana. Kwa ukuta nilificha kazi mbaya. Naomba nifanye masahihisho nikiwa bado naona kidogo. Ni mimi Fundi."

Mwalimu alisoma akiwa amesimama langoni, miwani imeteremka puani. Alisoma mara mbili. Nilingoja kalamu nyekundu itoke.

"Huyu anataka kufanya masahihisho," alisema. "Kwa nini wewe hukusema hivyo?"

"Nilisema, Mwalimu. Aya ya tano."

"Mwambie aje Jumanne."

Jumanne asubuhi Fundi alikuja amevaa shati lililopigwa pasi. Alimshika mtu bega kuvuka changarawe, na mtu huyo nilikuwa mimi. Aligonga ukuta wa Mwalimu, akasikiliza, akageuka upande ambao hakuwa amekaa na kusema, "Hamjambo hapa?"

"Niko huku," Mwalimu alisema kutoka kitini.

Alizima. Fyuzi ikaingia mfukoni, kifungo kikafungwa. Akanipa testa, na baada ya kunipimisha mara tatu, akanifanya jicho la patasi. Mkono ulikuwa wake, macho yalikuwa yangu. Alikuwa anakumbuka njia yote: kutoka swichini, mshazari, hadi soketi, na kiungio katikati. Tulichonga katikati. Hapakuwa na waya. Tukasogea shubiri moja juu, tukachonga. Plasta tupu. Tukasogea chini. Plasta.

"Umepotea?" Mwalimu aliuliza.

"Kidogo, Mwalimu."

Jasho lilikuwa limemtoka. Nilijua anachofikiri, kwamba kumbukumbu nayo imepata ukungu, kwamba ile maiti ipo mahali humu na hataiona tena. Kisha akapapasa hadi kwenye soketi, akaweka patasi juu yake, wima kabisa, akagonga. Plasta ikaanguka.

"Kuna nini?"

"Waya," nikasema. "Unapanda wima."

"Haiwezi. Kuna tepu?"

"Hakuna."

"Chonga juu."

Tulichonga juu, kidirisha baada ya kidirisha, hadi darini. Kila mara aliuliza kuhusu tepu na kila mara nikasema hakuna. Mwishowe akaweka patasi chini, akapitisha vidole vyake juu ya waya ule wa kijivu kutoka darini hadi kwenye soketi, polepole, kama alivyokuwa akifanya River Road. Ulikuwa mzima. Haukuwa na kiungio hata kimoja.

Alitafuta ndoo ya plasta, akaigeuza, akaikalia.

"Sasa hii alifanya nani?"

"Si wewe?"

"Mimi nilikuwa nafanya ile ingine."

Nikainama nikatazama vile vibanio vidogo vilivyoushika waya ukutani. Misumari yake ilikuwa imegongwa na mtu mwenye nyundo mkono wa kushoto, yote imelalia upande mmoja. Nilimshika kidole nikakiweka juu ya msumari wa kwanza, kisha wa pili. Aliupapasa wa tatu mwenyewe. Akaenda nao hadi wa mwisho.

"Hii ilikuwa ya kwanza," alisema polepole. "Tulianzia upande huu. Huyo kontrakta alikuwa hajafika bado. Nilikuwa mimi peke yangu."

Alikuwa ameisahau. Katika miaka yote ile alizikumbuka nyumba kumi na mbili, zote mbaya, na hakukumbuka kwamba kulikuwa na wiki moja ambapo hakuna mtu aliyemwambia aharakishe, na alifanya kazi kama alivyofundishwa.

Mwalimu alikuwa ameinuka. Nilijiandaa kumtetea Fundi, kwa sababu ukuta wa watu ulikuwa na mfereji kutoka juu hadi chini, pamoja na mashimo matatu ya ziada, na sababu yake haikuwapo. Alikuja akausoma waya wote kwa miwani yake, bila haraka, kama ukurasa. Akatoa kalamu nyekundu kwenye mfuko wa sweta. Kwenye matofali, kando ya waya, akachora alama.

"Fukia," alisema, akarudi kitini.

Fundi aligeuza uso kwangu. "Ameweka nini?"

"Vema."

"Kubwa?"

"Kubwa. Kama mkono wako."

Alikoroga plasta mwenyewe, akaikadiria maji kwa vidole, akaanza kuziba kutoka chini. Pale penye vema aliuliza niuelekeze mkono wake, akapaacha. Alimaliza kila mahali pengine kwanza. Kisha akarudi, akapaziba kwa kijiko kimoja cha mwiko, akalainisha mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Aliaga. Alimwambia Mwalimu asirudishe fyuzi hadi saa saba, plasta ikauke. Tukavuka varanda, tukashuka ngazi mbili, mkono wake begani kwangu, na tulikuwa tumefika katikati ya changarawe, yeye akipiga mluzi wimbo wa kanisani, sauti ya Mwalimu ilipotufuata bila kupandishwa hata kidogo.

"Fundi. Mfukoni."

Alisimama. Akagusa kifungo.